Kilima cha Bwana Nyuma ya Jiko

"Baba Emmy, na mavi ya huyu ng'ombe je, hiyo pia ni ya Mungu?"

Jirani yao Jerono aliuliza hivyo mwaka juzi, ameegemea ua, mkononi ana karai tupu. Alikuja kuomba mbolea kidogo ya sukuma wiki. Alidhani watacheka wote wawili, ajaziwe karai, aende zake. Walubengo hakucheka. Alilifikiria swali kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu, kisha akajibu, "Mama Kimutai, ngoja niulize."

Na kweli aliuliza. Alivaa koti lake la Jumapili siku ya Jumanne, akaenda kwa Mchungaji Kipyegon, ambaye kanisa lake liko njia ya kutoka Kitale kwenda Kiminini. Mchungaji naye akapiga simu makao makuu, Bungoma. Bungoma wakafungua kitabu cha sadaka. Humo mlikuwa mmeandikwa kwamba Siku ya Mavuno, Ndugu Walubengo alisimama mbele ya ushirika akamtoa mtamba wake wa pekee, "pamoja na uzao wake na vyote vitokavyo kwake." Maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe. Mhubiri alikuwa amefundisha juu ya hazina ambayo nondo haifikii wala kutu haili, na Walubengo, ambaye kutu anaijua kwa sababu ya mabati yake, alishikwa na neno akasema zaidi ya alivyokusudia.

Jibu la Bungoma lilikuwa fupi. Vyote ni vyote.

Tangu siku hiyo Jerono hakupata hata koleo moja. Kila asubuhi Walubengo alizoa mavi, akayarundika nyuma ya jiko, akayafunika kwa turubai, akangoja gari la kanisa lije kuyachukua. Gari halikuja. Rundo lilifika kwenye dirisha la jiko, likalipita. Mwaka wa pili likaota maboga.

"Na maboga?" Jerono aliuliza.

Walubengo akaenda kutafuta koti. Hakuliona, kwa sababu mke wake Nanyama alikuwa amelikalia.

Kabla hujamcheka, ujue mambo yalivyokuwa. Watu wa huku walifugiana ng'ombe tangu zamani. Ukipungukiwa na nyasi unampelekea rafiki yako ng'ombe wako amtunze. Ndama ni wako, maziwa ni yake, na hakuna aliyeona neno. Kanisa lilichukua desturi hiyo, likaifuata nusu. Kwa kuwa halikuwa na zizi, yule mtamba, ambaye sasa aliitwa Sadaka, alibaki palepale alipozaliwa, na Walubengo akaitwa mlezi. Lakini alipozaa, maziwa yalipanda bodaboda kila siku saa kumi na mbili asubuhi, lita kumi na nne, yakaenda kwa mnunuzi mjini Kitale, na pesa zikaenda Bungoma. Nyumbani kwa mlezi walikunywa strungi, chai isiyojua ng'ombe.

Mwaka jana wakaguzi wa kanisa walikuja wakakuta Sadaka ananyeshewa. Wakasema hiyo si heshima kwa mwenye ng'ombe. Walubengo alipanda juu ya jiko, akang'oa mabati sita, akaezekea zizi. Jiko likafunikwa kwa nailoni. Siku za mvua Nanyama alipika amejitanda gunia, na moshi, kwa kukosa pa kutokea, ulikaa naye.

"Ukisikia kuna mtu anaonea ng'ombe wivu," alimwambia Jerono, "usiulize ni nani."

Sadaka alikuwa na bima. Walubengo hakuwa nayo.

Mwezi wa tano binti yao Emmy alipata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli moja ya Moi's Bridge, akawaachia mtoto wake, Sandra, wa miezi kumi. Mtoto aliachishwa ziwa ghafla. Alikunywa uji wa mahindi matupu mwezi mmoja, akawa mwepesi mpaka Nanyama akimbeba mgongoni alikuwa akigeuka kuangalia kama bado yupo. Alimpeleka kliniki. Muuguzi akampima, akatia alama kwenye kadi, mahali penye rangi nyekundu.

"Kukhu," alisema, kama nyanya anavyoitwa huku, "huyu anataka maziwa. Kila siku, si leo na wiki ijayo. Akishuka tena tutamlaza."

"Nimesikia, daktari."

"Si uko na ng'ombe? Naona mavi kwa viatu."

"Tuko naye," Nanyama alisema, "lakini hatuko naye."

Muuguzi alikuwa amesikia majibu mengi tangu asubuhi. Aliandika kwenye kadi: ana ng'ombe.

Nanyama alirudi nyumbani akihesabu njia. Mahindi shambani yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Jerono sasa alikuwa na ng'ombe, lakini alikuwa amekauka, akingoja kuzaa. Maziwa ya dukani, pakiti moja ilikuwa bei ya unga wa siku mbili. Alipofika alimweleza mume wake. Walubengo alimchukua Sandra, akamweka magotini, akamwangalia kwa muda mrefu. Jioni hiyo alimpa yai lake, na siku iliyofuata pia. Alipoombwa kikombe cha maziwa, alitikisa kichwa.

"Si yangu nikatoe, Mama Emmy. Ingekuwa yangu, ningempa ndoo."

Kwa hiyo Nanyama aliiba. Kila asubuhi mume wake alipomaliza kukamua na kugeuka kuchukua daftari la lita, kabla hajapima, alichota kikombe kimoja, akakificha chini ya gunia lake la mvua. Sandra alianza kushika vitu. Akaanza kurusha vijiko.

Lakini Walubengo hakuwa mtu wa kukisia. Alipima kwa kijiti, na kijiti kilimwambia Sadaka amepungua. Alimwita daktari wa ng'ombe. Daktari alimshika Sadaka tumbo, akamwangalia ulimi, akasema haoni kitu, lakini kwa sababu alikuwa ameshakuja alimdunga sindano. Wiki ya pili alikuja tena, akamdunga nyingine. Alipokuja mara ya tatu, akafungua mkoba wake, Nanyama alisimama katikati ya daktari na ng'ombe.

"Muache. Si mgonjwa. Ni mimi."

"Wewe nini?" Walubengo aliuliza.

"Kikombe kimoja. Ya asubuhi."

Daktari alifunga mkoba wake polepole, kama mtu anayetoka kwenye matanga.

"Nanyama, umekula mali ya Bwana."

"Mimi sijaonja. Amekunywa Sandra. Na Sandra ni mali ya nani?"

Walubengo alifunga daftari lake. Kisha akaingia ndani kutafuta koti, na safari hii alilipata. Alikwenda mwenyewe kumshtaki mke wake kanisani, akitembea haraka kwenye matope, analia.

*

Kamati ilikuja Jumamosi. Ilitoka Bungoma kwa pikapu mpya nyeupe, na ubavuni mwake paliandikwa kwa rangi ya dhahabu: MALI YA BWANA. Mwenyekiti alikuwa Mzee Munene, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene, msafi, mwenye viatu vya kahawia vilivyong'aa mpaka kuku wakavikimbia. Katibu alikuwa Dada Chepkosgei, kijana bado, mwenye faili mapajani. Mchungaji Kipyegon aliketi kwenye ukingo wa kiti, kama mgeni katika ushirika wake mwenyewe.

"Bwana asifiwe," Mzee Munene alisema.

"Amina."

"Tena asifiwe."

"Amina," alisema Nanyama, akaweka vikombe mezani.

Mzee Munene aliangalia ndani ya kikombe chake. Alikizungusha kidogo, kana kwamba maziwa yalizama chini.

"Mama, hii ni strungi?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Tumetoka mbali, mama. Bungoma mpaka hapa."

"Naona. Poleni. Lakini maziwa ni ya Bwana, na ndiyo kesi mmekuja kusikiza. Nikiwawekea, si itakuwa kesi mbili?"

Mchungaji Kipyegon alikohoa. Mzee Munene alitabasamu, tabasamu la mtu wa duka anayekataa kukopesha.

"Kwa watumishi inaruhusiwa. Mtu anayefanya kazi ya Bwana anakula mezani pa Bwana."

"Sawa. Dada, andika basi," Nanyama alimwambia Chepkosgei. "Vikombe tatu. Ya watumishi."

Chepkosgei alimwangalia mwenyekiti, halafu akaandika. Nanyama akaleta maziwa. Walikunywa chai ya maziwa, nzito, na harufu yake ikajaa chumba. Sandra, kwenye mkeka, aliacha kucheza na kijiko. Aliangalia kikombe cha Mzee Munene kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, naye akawa anafungua na kufunga mdomo pamoja nacho.

Kesi ilichukua saa nzima. Mzee Munene aliuliza kikombe chenyewe kilikuwa cha ukubwa gani. Nanyama akakileta. Kikapita mkono hadi mkono. Ikabishaniwa kama kilijazwa mpaka ukingoni au kiliachwa nafasi. Ikaulizwa kama mtoto alimaliza, na kama hakumaliza, yaliyobaki yalikwenda wapi.

"Kwa paka," Nanyama alisema.

"Paka wa kanisa?"

"Paka wa paka."

"Mama, hapa hatuchezi."

"Hata mimi sichezi, Mzee. Nauliza tu. Baba yangu kule Cheptais alikuwa na ng'ombe wengi, aliwafugisha kwa watu. Hakuna siku alienda kwa mtu kuuliza maziwa imeenda wapi. Aliuliza tu kama watoto wa hapo wako wazima. Na hakuwa ameokoka."

"Hizo ni mambo ya kimila."

"Haya, tuache mila. Daudi alipoona njaa, si alipewa mkate wa madhabahuni?"

"Huyo alikuwa Daudi," alisema Mzee Munene.

"Kabla awe mfalme alikuwa tu mtu ako na njaa."

Mzee Munene aliweka kikombe chini. Alieleza, kwa upole mwingi, kwamba Mungu anawapenda maskini, kwamba utajiri wa kweli uko rohoni, na kwamba familia hii imebarikiwa kuliko inavyojua, kwa sababu haina cha kuipotosha. Alisema hivyo akiangalia, kupitia dirishani, paa la jiko ambako nailoni ilikuwa ikipumua kwa upepo. Kisha akasoma uamuzi, ambao ulikuwa umeshapigwa chapa tangu Bungoma. Ng'ombe ataondolewa kwa mlezi huyu. Atapelekwa penye ua wa mawe na chakula cha kutosha.

"Ni wapi hapo?" aliuliza Mchungaji Kipyegon. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Kwangu," Mzee Munene alisema. "Kwa muda. Tunamchukua leo, gari iko na vyuma vya kumzuia."

Nanyama aliketi. Hakuketi kwenye kiti, aliketi chini kwenye mkeka, akamvuta Sandra kifuani. Alimwangalia mume wake. Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, mikono imeshikana nyuma, kama mtu aliyekuja kwenye harusi bila kadi.

"Ni sawa, Mwenyekiti," Walubengo alisema. "Nilitoa kwa moyo. Acha nipakie."

*

Walipotoka nje, hawakumkuta Walubengo zizini. Alikuwa nyuma ya jiko. Alikuwa amevua koti, akalitundika kwenye msumari, akaondoa turubai. Kilima kilisimama juani kikitoa mvuke, maboga yamekishika pande zote. Walubengo aliweka kando boga la kwanza kwa heshima, akachomeka uma wa shamba, akainua, akatembea mpaka kwenye pikapu mpya nyeupe, akamwaga.

"Ndugu," alisema Mzee Munene, "unafanya nini?"

"Napakia, Mwenyekiti."

"Unapakia nini?"

"Mali ya Bwana. Imekaa miaka miwili. Nilikuwa nashindwa kulala, nikifikiria ikipotea nitasema nini." Alirudi, akachomeka tena. "Ng'ombe nitaleta mwisho. Hii ndiyo nyingi."

Hapakuwa na dhihaka usoni mwake. Mchungaji Kipyegon aliitafuta dhihaka hiyo, akaikosa, akageuka kuangalia maboga.

"Tumekuja kwa ng'ombe," Mzee Munene alisema.

"Na vyote vitokavyo kwake. Niliuliza, nikajibiwa vyote ni vyote. Katibu ako na kitabu."

Chepkosgei alifungua faili. Alipitisha kidole kwenye mstari. "Ni kweli, Mwenyekiti. Imeandikwa hivyo."

"Hii ni gari mpya."

"Nimesoma hapo mlangoni," Walubengo alisema. "Gari ni ya Bwana, mavi ni ya Bwana. Siwezi gawanya."

Uma wa nne ulimwagika. Nanyama alikuwa amefika na mtoto mgongoni. Alisimama akiangalia mgongo wa mume wake ukiinama na kuinuka. Miaka ishirini na sita alikuwa ameudhika na mgongo huo. Akaingia jikoni, akatoka na koleo.

Haukupita muda Jerono akasikia, akavuka ua na toroli. Nyuma yake wakaja watu wengine wawili wa jirani, hakuna aliyewaita, kila mmoja na karai lake. Jerono alimsalimu kila mgeni kwa mkono, akianza na mwenyekiti, na mkono haukuwa safi.

"Karibuni sana. Hii kazi tumeingojea. Mzee, si ungevua koti utusaidie? Ama watumishi hawashiki?"

Pikapu ilianza kuketi kwenye magurudumu yake. Mavi yalifika kwenye vyuma vilivyowekwa kumzuia ng'ombe, yakavipita. Moja ya herufi za dhahabu ikafunikwa. Nzi walifika wakajionea. Sadaka alitoa kichwa zizini, akatazama shughuli hiyo kwa macho makubwa, akaendelea kutafuna.

"Ng'ombe atakaa wapi sasa?" Mzee Munene alisema. "Hakuna nafasi."

"Mtarudi," Walubengo alisema. "Hii ni safari ya kwanza. Nimepiga hesabu, ni kama kumi na mbili. Ng'ombe atakuwa kwa ile ya mwisho. Lakini kila siku anaongeza."

"Simamisha hiyo kitu."

Walubengo alisimama na uma umejaa.

"Ndugu yangu, sikiza," Mzee Munene alisema, akishusha sauti. "Mungu hahitaji mavi."

Walubengo aliweka uma chini. Aliufuta mkono wake wa kulia kwenye suruali, akaufuta tena, kama mtu anayetaka kushika kitu bila kukichafua.

"Unasema hahitaji."

"Ndiyo. Wewe kaa nayo. Panda mboga."

"Mwenyekiti, mimi sikusoma sana. Niliacha darasa la saba. Kwa hivyo naomba unisaidie." Alikuwa anauliza kweli. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni na hakulifuta. "Maziwa anahitaji?"

Mzee Munene alianza kujibu. "Maziwa ni ya kazi ya Mungu."

"Ndiyo. Lakini yeye, yeye mwenyewe. Miaka miwili nimemkamulia. Kuna siku aliona njaa?"

Chepkosgei alikuwa ameacha kuandika. Mchungaji Kipyegon alivua kofia yake, ingawa hapakuwa na aliyesali. Mgongoni mwa Nanyama, Sandra alianza kulia, kilio chembamba, kile cha mtoto ambaye hajala tangu mambo yake yaanze kujadiliwa.

Walubengo alikwenda kwenye pipa, akanawa mikono mpaka viwiko, kwa sabuni. Akaingia sebuleni. Akatoka na kile kikombe kilichokuwa kesi. Aliingia zizini chini ya mabati yake sita, akachuchumaa. Haikuwa saa ya kukamua. Sadaka aligeuza kichwa kuuliza, kisha akakubali. Wote walisikia maziwa yakigonga bati la kikombe, halafu yakigonga maziwa.

Alimtoa Sandra mgongoni kwa mke wake. Aliketi juu ya boga kubwa, akamweka mtoto magotini, akamshikia kikombe. Mtoto alikunywa kwa mikono miwili, bila kupumua, maziwa yakimteremka shingoni. Aliposhusha kikombe alikuwa na masharubu meupe. Akacheka, akakipiga kikombe kwa kiganja, anataka kingine.

"Dada Katibu," Walubengo alisema, "andika. Kikombe kimoja."

Chepkosgei alitafuta ukurasa. "Niandike kimetolewa kwa nani?"

Walubengo alimfuta mtoto masharubu kwa kidole gumba.

"Andika kimefika kwa mwenyewe."

Chepkosgei aliandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini. Kisha akasogeza faili kwa mwenyekiti ili atie sahihi, kama ilivyo desturi ya kamati.

Mzee Munene aliangalia ukurasa. Aliangalia pikapu nyeupe iliyobeba kilima cha Bwana, na ukungu wa mvuke ukipanda juu yake. Aliangalia viatu vyake. Hakutia sahihi. Alifunga kifungo cha koti, akakiruka kijito cha kahawia kilichoanza kuteremka kwenye gurudumu la nyuma, akashika njia ya kwenda langoni kwa miguu.

Jerono alimfungulia lango kwa heshima zote.

"Mzee," alimuuliza, "na haya maboga?"

Mzee Munene alipita, akaelekea barabara kuu, bila ng'ombe na bila gari.